Usharika Kando ya Mto: Walutheri wa Ifakara na Kiswahili cha Bonde la Kilombero



Sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili tumezoea kuitafuta historia yake katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni pwani, penye miswada, tenzi na lahaja. Sehemu ya pili ni meza za wakubwa: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kisha sera za Serikali huru baada ya 1961. Historia hizo ni za kweli na zimeandikwa vizuri. Hata hivyo, hazitoshi kueleza jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia: kwamba mkulima wa mpunga aliyezaliwa mbali na bahari, ambaye hajapata kusoma utenzi wala kusikia habari za kamati yoyote, huomba kwa Kiswahili, hugombana kwa Kiswahili, na huzikwa kwa Kiswahili.

Nani alimfundisha? Jibu la kawaida ni shule, jeshi, chama, redio na soko. Silikatai. Jioni hii ninakusudia kuongeza mwalimu mwingine ambaye hatajwi sana katika vitabu vyetu, naye ni usharika. Tena si usharika wa kanisa kubwa lenye mnara katikati ya jiji, bali usharika wa pembezoni, ule wa benchi za mbao na bati, unaokua pale mji unapokua. Mahali nilipopachagua ni Ifakara na bonde la Mto Kilombero, mkoani Morogoro. Nimepachagua kwa sababu huko Waprotestanti ni wageni mara mbili: wageni katika bonde, na wageni katika nchi ambayo Ukristo wake umekuwa wa Kikatoliki kwa zaidi ya miaka mia moja. Lugha ya mgeni huwa na mengi ya kutufundisha.

Bonde na waliotangulia

Bonde la Kilombero ni tambarare pana ya mafuriko, upande mmoja likipakana na milima ya Udzungwa na upande mwingine na nyanda za Mahenge. Mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na wakati huo lilijulikana kuwa makao makuu ya sheshe, mnyama ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina tu. Wandamba ni watu wa mto na mitumbwi. Wambunga, ambao Ifakara imo katika nchi yao, walifika katika vurugu za karne ya 19 zilizotokana na misafara ya Wangoni. Wapogoro wako upande wa Mahenge, na Wabena wa bondeni upande wa magharibi. Lugha hizo zote ni za Kibantu, zinafanana hapa na kutofautiana pale, na hakuna hata moja iliyopata kuwa lugha ya bonde zima.

Nafasi hiyo tupu ilijazwa na Kiswahili mapema. Misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kukileta, na Wajerumani walikitumia katika maboma yao. Wakati wa Vita vya Maji Maji, Agosti 1905, kikosi kidogo cha Wajerumani pale Ifakara kiliangamizwa, na tarehe 30 ya mwezi huo Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge. Mtawala wa Wabena wa bondeni, Kiwanga, alisimama upande wa Wajerumani. Ninalitaja hili kwa sababu mgawanyiko wa 1905 uliacha makovu, na dini zilipoenea baada ya vita zilienea juu ya makovu hayo, si juu ya ardhi safi.

Wakatoliki walikuwa wamekwisha kufika. Wabenediktini wa St. Ottilien walianzisha misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoondolewa, nafasi yao ilichukuliwa mwaka 1921 na Wakapuchini kutoka Uswisi pamoja na masista wa Baldegg. Kuanzia hapo Ulanga na Kilombero zikawa, kwa namna fulani, wilaya za Uswisi katika himaya ya Uingereza. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilitokana na kazi hiyo, na kwa sababu hospitali ilikuwapo, Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara ya utafiti mwaka 1957, ambayo ndiyo mama wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mahenge ilifanywa jimbo la Kanisa Katoliki mwaka 1964, na Ifakara ikapata jimbo lake mwaka 2012. Mgeni anayeingia Ifakara hahitaji kuambiwa nani alijenga mji: kanisa, hospitali na majengo ya misheni yanajieleza yenyewe.

Waliokuja kwa njia ya juu

Walutheri walikuwa na njia nyingine. Misheni ya Berlin ilianza kazi kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, ikapanda hadi Ubena, ambako kituo cha Kidugala kilianzishwa mwaka 1898. Kituo cha Lupembe kilikuwa upande wa mashariki wa Ubena, pale nyanda za juu zinapoanza kuteremka kuelekea bondeni. Wabena wa juu na Wabena wa mito ni ndugu waliotenganishwa na mteremko. A. T. na G. M. Culwick, walipoandika kitabu chao cha mwaka 1935 juu ya Wabena wa bondeni, waliona vema waliopo huko wana historia yao wenyewe na utawala wao wenyewe. Lakini udugu haukukatika, na neno la dini lilishuka kwa njia ileile ya ndugu na wakwe. Ndiyo sababu mpaka leo Ulutheri una mizizi mirefu zaidi upande wa magharibi na kusini mwa bonde kuliko Ifakara mjini. Hospitali ya Kilutheri ya Lugala iko Malinyi, si Ifakara.

Wamisionari wa Berlin waliamini, kama Walutheri wengi wa Kijerumani wa wakati ule, kwamba mtu husikia Injili vizuri zaidi kwa lugha ya mama yake. Walijifunza Kibena, wakakiandika, wakakihubiri. Mungu aliitwa kwa jina la Nguluvi, linalojulikana Ubena, Uhehe na hata Ukinga. Kiswahili wengi wao walikitilia shaka, kwa kuwa kilikuwa kimebeba maneno ya Kiarabu na harufu ya Uislamu. Shaka hiyo haikuwa ya Berlin peke yake. Karl Roehl, aliyetoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, alijitahidi waziwazi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Jitihada hizo zilizimwa na Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo ilifuata Kiswahili Sanifu na kukubali Uarabu wa Kiswahili kama ulivyo.

Vita viwili vya dunia viliifanyia sera ya lugha kile ambacho wanasinodi hawakukusudia. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa katika vita vya kwanza, wakarudi katikati ya miaka ya 1920, wakakamatwa tena vita vya pili vilipoanza mwaka 1939. Waliopokea mzigo walikuwa Waskoti mara ya kwanza na Waswidi mara ya pili. Mgeni mpya hakujua Kibena. Mwalimu na mwinjilisti Mwafrika, ambaye ndiye hasa aliyeshikilia kanisa katika miaka hiyo, ilimbidi azungumze naye kwa lugha ambayo wote wawili walijifunza. Mwaka 1963, tarehe 19 Juni, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yaani KKKT, hakukuwa na mjadala juu ya lugha ya muungano. Mchaga, Mhaya, Msambaa na Mbena wangekaa katika kikao kimoja kwa lugha gani nyingine?

Reli, kiwanja na pembezoni

Mtu anayeishi Ubena anaweza kuwa Mlutheri kwa Kibena. Mtu anayehamia Ifakara hawezi. Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo.

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo inapita bondeni kupitia Mang'ula, Ifakara, Chita na Mlimba kabla ya kuukwea mteremko kwenda Makambako. Mwanahistoria Jamie Monson ameonyesha jinsi reli hiyo, ambayo wakubwa waliifikiria kwa shaba ya Zambia, ilivyogeuzwa na watu wa kawaida kuwa njia yao ya kuhamia, kulima na kuchuuza. Treni ndogo waliyoiita kipisi ilibeba maharage na viazi kutoka juu, na mchele na ndizi kutoka chini. Ilibeba pia watu waliokuja kulima msimu mmoja na hawakurudi. Kwa upande wa kaskazini, mashamba ya miwa ya Kilombero, yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, yalikuwa yamekwisha kuvuta vibarua kutoka mikoa mingi. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 322,779 katika Wilaya ya Kilombero. Ile ya 2012 ilihesabu 407,880.

Tazama majina ya mji wenyewe. Katindiuka, Lipangalala na Mlabani ni majina ya lugha za wenyeji. Kibaoni na Viwanja Sitini ni Kiswahili kitupu. La kwanza lina kibao, la pili lina hesabu ya mpimaji. Majina ya namna hii hutokea pale ambapo waliokaa hawana babu wa pamoja wa kuwaambia mahali paliitwaje. Usharika wa pembezoni ni mtoto wa mahali kama hapo. Washarika wake ni Wabena, Wakinga, Wahehe, Wanyakyusa, mwalimu wa shule Mchaga, muuguzi kutoka Kagera, na Mndamba au Mpogoro aliyeoa au kuolewa humo. Akisimama mzee wa kanisa na kusalimu "kamwene", nusu ya benchi wataitikia na nusu watatabasamu kwa adabu. Kwa hiyo hasalimu hivyo. Anasema "Bwana Yesu asifiwe", na wote wanaitikia.

Salamu hiyo nayo ina safari yake. Haikutoka Berlin. Ilienea pamoja na uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia upande wa Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ikavuka mipaka ya madhehebu ya Kiprotestanti mpaka ikaonekana kama iliyokuwapo siku zote. Mkatoliki wa Ifakara husema "Tumsifu Yesu Kristu", naye huitikiwa "Milele, amina". Sikilizeni irabu ya mwisho: Kristu kwa Mkatoliki, Kristo kwa Mprotestanti. Katika mji ambao watu wa makanisa haya mawili hununua samaki kwa mvuvi mmoja na kulala wodi moja hospitalini, irabu moja inatosha kumjua mtu anasali wapi. Sijui mfano mwingine wa Kiswahili ambamo fonimu moja inafanya kazi kubwa namna hiyo ya kijamii.

Msamiati wa jirani wawili

Maneno mengine yanatofautiana zaidi. Mkatoliki ana parokia, kigango, padre, katekista, misa na komunyo. Mlutheri ana usharika, mtaa, mchungaji, mwinjilisti, ibada na Chakula cha Bwana. Kipaimara wanacho wote wawili, neno zuri la kubuni, lakini si kitu kimoja: kwa Mkatoliki ni sakramenti inayokuja baada ya komunyo ya kwanza, kwa Mlutheri ni mwisho wa mafunzo marefu na ndio mlango wa kuingilia mezani. Vijana wa familia zenye watu wa pande zote mbili hutumia neno hilo miaka mingi kabla hawajagundua kwamba wanazungumzia mambo mawili.

Neno usharika linastahili kusimamiwa kidogo. Mzizi wake ni wa Kiarabu, ule wenye maana ya kuwa na sehemu pamoja na mwingine. Mzizi huohuo umetupa shirika, mshiriki, na ushirika wa wakulima. Umetupa pia ushirikina, kwa sababu katika Uislamu dhambi ya kumpa Mungu mshirika hutajwa kwa mzizi huo. Kwa hiyo Walutheri, ambao baadhi ya waasisi wao waliogopa Kiarabu, wamelijenga jina la jumuiya yao juu ya mzizi ambao jirani yao Mwislamu analitumia tawi lake jingine kutaja kosa kubwa kuliko yote. Hakuna anayekwazika. Lugha imekwisha kuyatenganisha matawi hayo kwa viambishi na kwa mazoea, na mzungumzaji wa Ifakara haoni undugu wowote kati ya mwenyekiti wa usharika na mtu anayeambiwa ni mshirikina.

Mtaa nao umeleta mgongano mpya. Katika KKKT, mtaa ni tawi la usharika, lenye nyumba yake ya ibada na mwinjilisti wake. Tangu Ifakara ilipopata Halmashauri ya Mji, mitaa ni ngazi ya utawala pia, na mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa Serikali. Mwinjilisti anapotangaza kwamba kutakuwa na mkutano wa mtaa siku ya Jumamosi, huongeza "mtaa wetu wa kanisa", na nyongeza hiyo fupi ni historia ya mji katika maneno manne.

Lakini neno linalonivutia kuliko yote ni mchungaji. Sitiari yake inatoka katika Biblia, katika nchi ya kondoo na mbuzi. Wabena wa juu walikuwa na ng'ombe, waliielewa mara moja. Bonde la Kilombero, kinyume chake, lilikuwa nchi ya mbung'o. Katika miaka ya 1940 Serikali ya Uingereza iliwahamisha watu wa Ulanga na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mkulima wa mpunga wa bondeni aliimba juu ya mchungaji mwema na kundi lake huku mifugo aliyoifahamu ikiwa kuku, bata na mbuzi wachache. Kwake yeye mchungaji alikuwa, kwanza kabisa, mtu mwenye joho na kola, na kundi lilikuwa watu.

Ndipo, kuanzia miaka ya 1980 na kuendelea, wakafika wachungaji wa kweli: Wasukuma, Wabarabaig na wengine, na maelfu ya ng'ombe. Migogoro ya ardhi ikafuata, na mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao katika bonde. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna aliyewaita watu hawa wachungaji. Waliitwa wafugaji. Neno la kwanza lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na kanisa, likaoshwa, likawekwa kabatini pamoja na joho. Ninaona katika jambo hili kitu kinachosikitisha kidogo, kwa kuwa mahubiri juu ya kondoo aliyepotea yangaliweza kusaidia pale ambapo ng'ombe halisi walikuwa katika mpunga halisi. Lakini msikilizaji wa Kiswahili hakuyaunganisha mambo hayo mawili, maana lugha yake ilikuwa imeyaweka mbalimbali.

Neno hilohilo limetoa faida nyingine ambayo haikutazamiwa. KKKT ilipoanza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji katika miaka ya 1990, dayosisi moja baada ya nyingine, lugha haikudai mabadiliko yoyote. Mchungaji hana jinsia. Tatizo lilikuwa dogo na la kuchekesha: "mama mchungaji" tayari lilikuwa jina la mke wa mchungaji. Neno padre, ambalo maana yake ni baba, lisingaliweza kunyumbulika namna hiyo.

Jumapili, mnada na kikao

Ibada ikiisha, waumini hawaondoki. Wanatoka nje wakiimba, wanasimama mviringo, na mzee mmoja anashika kuku. Mnada umeanza. Asiyekuwa na fedha ya sadaka ameleta alichonacho: mayai, mkungu wa ndizi, debe la mpunga, muwa. Vitu hivyo hunadiwa na fedha huingia katika hazina ya usharika. Desturi hii imeenea katika KKKT nchini kote, lakini katika bonde la mpunga inafuata majira. Mwezi wa Februari mnada ni mwembamba, maana nyumba nyingi zinasubiri. Tena familia nyingi ziko shambani, zinalala katika madungu zikilinda ndege na nguruwe, na benchi za kanisa zinaonyesha mapengo. Baada ya mavuno ya Juni na Julai mnada unanenepa. Nani atanunua debe kwa bei ya juu ya soko, na kwa nini? Hapo huonekana mambo ambayo mahubiri hayasemi: mtu anayetafuta cheo, mtu anayelipa fadhila, mjane ambaye yai lake linanunuliwa mara tatu na kurudishwa tena mnadani ili wote washiriki kumheshimu.

Mimi kama mwanaisimu nauona mnada kuwa fani ya usemi inayostahili kuchunguzwa kama ngano au mawaidha. Mnadi anataniana, anasifu, anatisha, anakumbusha deni la jengo. Anatumia msamiati wa sokoni ndani ya uwanja wa kanisa, ila kwa kipimo. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo, anaweza kuitaja kwa mzaha; mfanyabiashara anayewapunja wakulima kwa lumbesa yuko palepale kwenye mviringo, naye anacheka pamoja na wengine, ingawa si sana.

Kiswahili cha pili cha usharika ni cha vikao. Wazee wa kanisa, ambao mmoja anaweza kuwa mwanamke wa miaka thelathini, hukaa kwa utaratibu ambao mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kijiji ataujua: kufungua, kusoma muhtasari, yatokanayo, mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Kila kikundi kina mwenyekiti, katibu na mhazini. Gregory Barz, aliyechunguza kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam na kuchapisha kitabu mwaka 2003, alieleza kwamba kwaya ni jamii ndogo iliyokamilika, yenye uongozi, mifuko ya msaada na wajibu wakati wa ugonjwa na kifo. Kwaya ya usharika wa pembezoni ni hivyohivyo, na pengine zaidi, maana mwanakwaya wa Kibaoni ambaye ukoo wake uko Njombe hana shangazi wa kumletea uji akiugua. Wanakwaya ndio shangazi zake.

Wengine husema kwamba msamiati huu wa vikao uliazimwa kutoka TANU na mashina yake ya nyumba kumi. Inawezekana kuwa ni kweli, lakini nashawishika kwamba mkopo ulikwenda pande zote mbili. Mabaraza ya wazee wa kanisa yalikuwa yakiandika mihtasari kabla chama hakijaanzishwa mwaka 1954, na si makatibu wachache wa chama waliojifunza kazi hiyo misheni.

Kundini na nje ya kundi

Nisiwafanye mkadhani kwamba usharika ni mahali pa upole tu. Una neno lenye makali: kutengwa. Aliyezaa nje ya ndoa, aliyeoa mke wa pili, aliyeishi na mtu bila ndoa ya kanisa, huzuiwa kushiriki Chakula cha Bwana hadi atubu na kurudi kundini mbele ya washarika wote. Utaratibu huo una maneno yake, na maneno hayo yote ni ya Kiswahili.

Katika Ifakara jambo hili linaungana na la madhehebu. Mlutheri katika mji huu ana uwezekano mkubwa wa kumpenda Mkatoliki. Harusi ifungwe wapi? Watoto wabatizwe wapi? Sheria za makanisa zinajulikana, na mazungumzo ya wazazi huchukua miezi. Mara nyingi anayehama ni mwanamke, na anapohama hubadili sala, salamu, na irabu ile ya mwisho ya jina la Kristo. Maia Green, katika utafiti wake juu ya Ukristo wa Wapogoro uliochapishwa mwaka 2003, ameonyesha jinsi Ukatoliki wa huko ulivyofungamana na ukoo na mahali, mtu akizaliwa ndani yake kama anavyozaliwa ndani ya kabila. Usharika wa wahamiaji umejengwa juu ya jambo tofauti: jina lililoandikwa, ahadi iliyolipwa, bahasha yenye namba. Anayehama kutoka upande mmoja kwenda wa pili habadili mafundisho tu. Anabadili namna ya kuwa mwenyeji.

Na wapo wasiohama, wala kufunga ndoa. Hukaa pamoja, huzaa, hulima, na kila Jumapili mmoja huketi benchi la nyuma akitazama wenzake wakienda mezani. Nimetaja habari hii kwa sababu mwanahistoria akisoma daftari la ndoa peke yake hatawaona.

Kumbukumbu zilipo

Mtafiti anayetaka kuandika historia ya Wakapuchini wa Kilombero ataanzia Luzern, katika nyaraka za shirika lao, na Marcel Dreier amefanya hivyo kwa manufaa makubwa katika tasnifu yake juu ya tiba ya misheni huko Ulanga. Anayetaka Misheni ya Berlin ataanzia Berlin, kama Marcia Wright alivyofanya kwa kitabu chake cha 1971. Anayetaka historia ya usharika wa Viwanja Sitini au wa Mlabani atafungua kabati la ofisi ya usharika. Ndani yake, mvua na mchwa vikiruhusu, kuna daftari la ubatizo, daftari la ndoa, mihtasari ya vikao na orodha za michango. Vyote vimeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, na watu ambao wengi wao waliishia darasa la saba.

Daftari hizo hatujazisoma kama matini. Tumekusanya tenzi, na ni vema. Hatujakusanya mihtasari, ingawa humo kuna sentensi zilizopimwa kwa uangalifu na watu waliojua kwamba zitasomwa kwa sauti mbele ya yule zinayemhusu. Katibu anayeandika kwamba ndugu fulani "ameombwa aeleze kwa upendo" ametumia miaka mingi kujifunza adabu ya lugha ambayo haimo katika kitabu chochote cha sarufi. Mwanafunzi mmoja mwenye kamera, ridhaa ya mchungaji na wazee, na makubaliano ya maandishi juu ya majina yapi yafichwe, anaweza kupiga picha kabati zima kwa wiki moja kabla masika hayajaanza.

Kibena hakijatoka kabisa. Katika mikesha ya misiba, mwanamke mzee huanzisha wimbo kwa Kibena, peke yake, kwa tuni iliyotoka Ujerumani miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Ubeti wa kwanza anaumaliza karibu peke yake. Wa pili vijana wameitambua tuni, nao huingia kwa Kiswahili, kila mmoja na maneno yake, na lugha mbili hukaa katika wimbo mmoja mpaka beti zinapokwisha.